Mikate ya Jumanne na Ijumaa

Nimeoka mikate miaka ishirini na miwili, na kwa kujiamini sina mpinzani. Kwa hiyo mikate ilipokuwa ikigoma kuumuka kila Jumanne na Ijumaa, sikuumiza kichwa. Hizo zilikuwa zamu za Mama Pacha. Siku nyingine anakanda mpwa wangu, na mikate inajaa hadi inasukumana. Ushahidi gani tena?

Jumatatu nilimwita Mama Pacha nikamwambia wiki hiyo ndiyo yake ya mwisho. Mjane wa watu, anasomesha pacha wake kwa kazi hiyo hiyo. Hakulia wala kubembeleza. Alipangusa unga viganjani.

"Fundi, siku hizo umeniona mimi tu. Kitu gani kingine kipo siku hizo?"

"Kitu gani?"

"Sijui, ndiyo maana nauliza. Kesho kanda wewe, mimi nipe Jumatano. Mikate ikiharibika mkononi mwangu, nitaondoka mwenyewe."

Nilicheka, nikakubali. Jumanne nikakanda kwa mbwembwe zote, huku mpwa wangu akitazama. Donge likakaa kwenye beseni kama limenisusa. Mkuki kwa nguruwe! Nilisingizia hamira, nikasingizia baridi, na jasho linanitoka.

Jumatano alikanda yeye, na mikate ikapanda vizuri kuliko ya mpwa wangu.

Mwingine angenicheka. Yeye aliweka vikombe viwili mezani: maji aliyoyahifadhi jana na maji ya leo.

"Unga ni ule ule, hamira ni ile ile. Nusa."

Ya jana yalinuka dawa. Kila Jumatatu na Alhamisi jioni, mimi mwenyewe hupanda kwenye tangi la maji, linalojazwa upya kila jioni, na kumimina dawa ya kuua vijidudu, vifuniko vitatu badala ya kimoja, nikijisifu kwa usafi. Na hamira ni kiumbe hai. Nilikuwa naiua kwa mikono yangu, kisha namtafuta mchawi.

Nilimwomba radhi mbele ya mpwa wangu, nikamwambia kazi ni yake. Nilimheshimu mama yule kuliko fundi yeyote aliyewahi kunifundisha, na nikamwambia hivyo.

"Asante, fundi," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Na yule dada aliyekuwa hapa kabla yangu, ulimwondoa kwa kosa gani?"

Mpwa wangu akainamia unga. Yule dada naye alikuwa na zamu za Jumanne na Ijumaa, na nilimfukuza kwa mikate isiyoumuka. Nilivua aproni, nikatoka kwenda kumtafuta.