Mwenye Meza wa Ijumaa

Tangu utoto wake, Veneranda Kalinga akiambiwa jambo haliwezekani alikuwa hapati usingizi mpaka ajaribu. Masista waliomfundisha Tosamaganga walishajaribu kumpunguza makali, wakachoka wao. Kwa hiyo Bushiri, mwenye kampuni alikokuwa msimamizi wa ofisi, alipomwita na kufunga mlango, alijua fika anamweleza nani shida yake.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya watu kumi na mmoja, ghorofa ya pili, Miyomboni, katikati ya mji wa Iringa. Kazi yao kutengeneza programu za kompyuta, na iliyowaweka mjini ilikuwa moja: ile inayotumiwa na yadi za mbao za Mafinga kuhesabu mbao zinazotoka na malori yanayozibeba. Makarani wa yadi huandika kwenye simu zao wiki nzima. Jumatatu asubuhi wiki hufungwa, na kila mwenye yadi hupelekewa hesabu ya mbao zake. Na mtu aliyeweza kuifunga wiki hiyo alikuwa mmoja tu, Lutengano.

Lutengano, mtu wa Tukuyu mwenye miaka hamsini na ushei, ndiye aliyeiandika programu hiyo tangu mstari wa kwanza. Ofisi nzima ilimwita Mwalimu, Bushiri naye akiwemo. Sasa alikuwa amepata kazi Dodoma na barua yake ya kuaga ilikuwa mezani. Zilibaki Ijumaa tano. Bushiri hakuzunguka mbuyu: Mwalimu akiondoka kabla mwingine hajaweza kufunga wiki, huduma ya Mafinga itasimamishwa kabla haijawaaibisha, na watu watatu wanaoishi kwa huduma hiyo watatafuta riziki kwingine. Wa kwanza kati yao ni Frida, yule dada anayepokea simu za makarani.

"Nipe hizo Ijumaa tano," Veneranda akasema. "Saa tatu hadi saa tano asubuhi, mafunzo, watu wote, na wewe ukiwemo. Wakishindwa, nihesabu na mimi kwenye hao wanaoondoka."

Bushiri alimwambia hilo la mwisho hakulisikia. Akaomba tu wamalize mapema, yeye na Junaid wa michoro wapate nafasi ya kujiandaa kwenda msikitini. Veneranda akatoka na siku zake tano, kifua mbele, bila kujua bado atazifanyia nini.

Ijumaa ya kwanza alifanya kama wafanyavyo wote. Akapanga viti, akawasha mashine ya kuonyeshea ukutani, akamkaribisha Mwalimu. Lutengano alizungumza saa mbili bila kunywa maji. Alieleza jinsi malori kadhaa yanavyokwama kila wiki, programu ikiyakataa, na jinsi yeye anavyoyapitia moja moja kuamua lipi ni kosa la karani na lipi si kosa. Unajuaje? Unaangalia tu, akasema, utazoea. Mwisho akauliza kama wameelewa, na kumi wote wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa sana.

Jumatatu yake Veneranda akamkalisha Shedrack, kijana mwandishi wa programu aliyeitikia kwa sauti kuliko wote, afunge wiki. Shedrack alitazama yale malori yaliyokwama mpaka macho yakamtoka machozi. Ijumaa ya pili Mwalimu akarudia somo, wakaelewa tena, na Jumatatu wakashindwa tena.

Hapo Veneranda akapata hasira, na hasira yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Yeye ni Mhehe wa Ipogolo, alitakiwa kujua. Tangu lini mtu wa huku akamwambia mtu mzima mbele ya watu kwamba hajamwelewa? Ukimwambia hivyo ni kama umemwambia hajui kufundisha. Kule kuitikia hakukuwa jibu. Ilikuwa adabu, sawa na kumwambia mwenye nyumba umeshiba wakati tumbo linanguruma. Wote kumi walikuwa na adabu nzuri, na adabu hiyo ilikuwa inakwenda kumwachisha Frida kazi.

Dawa aliipata Jumatano alfajiri, jumuiyani. Kila wiki jumuiya yao, Wakatoliki majirani wa Ipogolo, husali nyumba tofauti, na mwenye nyumba ndiye anayeongoza, hakuna cha udhuru. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Liberatus, fundi baiskeli ambaye kwa miaka sita Veneranda hakuwahi kumsikia akitamka zaidi ya salamu ya Kihehe, "kamwene." Lakini ni kwake, kwa hiyo alisoma, akakwama, akasaidiwa neno, akaendelea, kisha akalieleza somo kwa namna ambayo hata katekista alibaki ameinamisha kichwa. Mungu amsamehe Veneranda, nusu ya pili ya sala hakuisikia. Alikuwa anahesabu meza za ofisini.

Asubuhi hiyo hiyo akatangaza utaratibu mpya. Hakuna tena viti vya kupanga wala ukuta wa kutazama. Kila Ijumaa mafunzo yatahamia kwenye meza ya mtu mmoja, na mwenye meza ndiye mwalimu wa siku. Atafundisha kazi isiyo yake, na mwenye kazi hiyo atakaa pembeni, mikono magotini, asiseme mpaka aulizwe. Chai na viazi vitamu ni juu ya mwenye meza. Wa kwanza ni bosi.

Bushiri, alipoambiwa wazo limetoka wapi, alicheka, akasema Veneranda amemwingiza jumuiyani bila kumbatiza, ila akakubali. Ijumaa ya tatu alifundisha kazi ya Junaid, kuchora kurasa za programu, na alivyoifundisha, Junaid ilibidi aume kitambaa asicheke. Bosi alitafuta kitufe cha kufutia kwa dakika nane, jasho likamtoka, akakiri mbele ya wafanyakazi wake kwamba hajui. Ofisi ilicheka kwa haki. Tangu saa ile neno "sijui" likaanza kutamkwa humo ndani, tena na watu ambao hawakuwahi kulitamka.

Lutengano peke yake hakucheka. Alimfuata Veneranda kwenye ngazi akamuuliza, kwa upole unaouma kuliko ukali, kama ni kweli Ijumaa ijayo ni meza ya Frida, na kwamba Frida atafundisha kufunga wiki.

"Ni kweli, Mwalimu."

"Yule ana cheti cha miezi tisa, dada Veneranda. Mimi nikae nimsikilize?"

"Ukae tu, Mwalimu. Usimsaidie."

Alimpenda yule mzee, na kumjibu hivyo kulimpa shida kidogo. Kidogo tu. Hakuwa na Ijumaa ya kubembelezana.

Meza ya Frida ilikuwa karibu na mlango, pale upepo unapoingilia, na wengi wao hawakuwahi kuisogelea isipokuwa kumwomba kalamu. Siku hiyo aliitandika kitambaa. Viazi vyake vilikuwa vizuri. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwanzoni alisoma yale ya Mwalimu kutoka daftarini, neno kwa neno, huku Lutengano akiwa amekaa wima, mikono magotini, kama alivyoagizwa.

Kisha akafika kwenye malori yaliyokwama. Wiki hiyo yalikuwa kumi na manne. Shedrack, ambaye sasa haya ilishamtoka, akamuuliza yanakwama kwa nini hasa. Frida akajibu kuwa lori moja limeandikwa limetoka yadi mbili siku moja, na programu hairuhusu. Shedrack akasema basi karani mmoja amekosea.

Frida akamtazama Mwalimu, akarudisha macho mezani.

"Hajakosea mtu," akasema. "Wenye yadi wadogo wanachangia gari. Huyu anapakia nusu, gari linaenda kwa jirani yake linajazwa, ndiyo linaondoka. Gari moja, mbao za watu wawili. Kule Mafinga wanafanya hivyo kila siku."

Alieleza na yaliyobaki. Karani wa pili akikataliwa hupiga simu, na yeye Frida humwambia aandike kwamba lori limetoka kesho yake, maana ndivyo alivyoelekezwa na Mwalimu mwaka ule wa kwanza, akidhani ni karani aliyekosea tarehe. Programu hukubali. Kwa miaka minne, kwenye hesabu, nusu ya magari yale yalikuwa yanaondoka Mafinga siku ambayo hayakuondoka, na wanaosahau kudanganya ndio wanaokwama hadi Jumatatu.

Hakuna aliyegusa kiazi. Veneranda alikuwa ameelewa kabla ya wengine: ile kazi ya Jumatatu isiyofundishika, ile ya kuangalia tu mpaka uzoee, haikuwa na haja ya kuwepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Lutengano, kwa elimu yake yote, hakuwahi kusimama yadini hata siku moja.

"Naomba ruhusa kusema," Lutengano akasema. Veneranda akaitikia kwa kichwa. "Frida, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, Mwalimu. Si wewe ndiye uliyeiandika?"

Hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoumiza. Veneranda alimwonea huruma yule mzee waziwazi. Alikuwa tayari kuyavunja mafunzo, wanywe chai, yaishe. Ila Lutengano alivuta kigoda mpaka kwenye kona ya meza, akafungua daftari lake ukurasa mpya, akamwomba Frida arudie tangu gari linapoingia yadi ya kwanza, polepole, asiruke kitu.

Mchana ule ule yeye na Shedrack walianza kuibadilisha programu, lori moja liweze kubeba mbao za yadi mbili au tatu. Wakafanya kazi Jumamosi yote. Jumatatu Lutengano akabaki nyumbani kwa makusudi. Frida akakaa kwenye kiti, Shedrack pembeni yake, na kufika saa nne wiki ilikuwa imefungwa na hesabu zimekwenda kwa wenyewe. Hakuna lori lililokwama. Bushiri alikuja na chupa ya chai akasimama nyuma yao, akasema huduma ya Mafinga haiendi popote, na Frida naye haendi popote. Kisha akamwambia Veneranda kwamba mafunzo ya Ijumaa yaendelee mpaka yeye mwenyewe atakapoyachoka. Veneranda akamjibu kwamba hachoki.

Ijumaa ya tano ilikuwa ya mwisho kwa Lutengano, na meza ilikuwa yake. Alileta magimbi badala ya viazi, akasema mtu wa Tukuyu haagi kwa viazi. Kazi aliyoichagua kufundisha ilikuwa ya Frida, kupokea simu. Waliguna kidogo, kwa vile waliona ameichagua kumheshimu tu dada wa watu kabla hajaondoka. Frida akamkabidhi simu ya ofisi na kurudi nyuma, mikono magotini.

Haikuchukua dakika tano ikaita. Lutengano akaiweka kwa sauti, wote wasikie, akajitambulisha kwa jina la kampuni tu. Aliyepiga alikuwa karani wa yadi moja ya Mafinga, msumeno ukilia nyuma yake. Hakuwa na shida, akasema, amepiga kushukuru. Wiki hii gari lao la kuchangia limepita siku yake, hajalazimika kudanganya.

"Nikajua tu," karani akaendelea, "yule Lutengano wenu anayetukataliaga magari mtakuwa mmeshamfukuza."

Shedrack akafunika uso. Bushiri akatazama dari. Veneranda hakumtolea macho Lutengano, ila alimwona akiisogeza simu karibu.

"Bado yupo, mwanangu," Lutengano akasema. "Ndiye mimi. Hilo gari lenu kesho linapakia saa ngapi?"

Upande wa pili msumeno ulizimwa. Kisha karani, kwa sauti ya adabu nzuri kabisa, akasema saa moja asubuhi.

"Nisubirini," akasema Lutengano. "Nakuja kupakia na nyinyi."