Mke wa Mpagazi

Posta yetu ilijengwa na Mjerumani, Mwingereza akaja akaongeza varanda, na mimi Anifa sijui nimeongeza nini. Hasira, labda. Meneja ni mimi, karani ni mimi, mfagizi ni mimi. Umeme ukikatika napima vifurushi kwa mizani ya shaba ya Mwingereza, yenye taji lake juu, nayo haijanisumbua hata siku moja. Kuta ni nene kama za gereza. Ukikohoa humu, unajisikia mwenyewe tu.

Watu hunihurumia wakidhani barua zimekwisha. Jamani, barua hazijaisha. Basi la kutoka Dodoma linashusha gunia kila Jumanne: wito wa mahakama, fomu za shule, dawa ambazo kijana wa mjini amemtumia mama yake. Kilichokwisha ni watu wa kukaa. Zamani mtu alikuja kununua stempu moja, akaondoka na habari za tarafa nzima. Siku hizi anaingia simu iko sikioni, anasaini, anatoka, na mimi nabaki nimeshika kalamu.

Nilikuwa nayavumilia hayo kwa sababu ya varanda. Mume wangu Swalihu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa pale nje, chini ya dirisha langu. Babu wa babu yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara, aliyetua mzigo hapa mguu umemvimba, akaoa, akabaki. Na kila asubuhi alikuja Gideoni, mkulima wa Kigogo wa njia ya Kibakwe, aliyekodi sanduku la posta alipokuwa katibu wa chama cha wakulima. Chama kilishakufa. Sanduku halikuwa likipata kitu, naye alijua halipati kitu. Alikuwa akija kutukana.

Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwa mtani hakuna kununa wala shikamoo, hata kama amekuzidi umri. Swalihu alimwita mla mlenda, ombaomba asiye na bakuli. Gideoni akajibu kwamba Mnyamwezi asipokuwa na mzigo kichwani anapata kizunguzungu. Na mimi, Mrangi wa Kolo, nikaingizwa humo humo kwa ndoa.

"Mke wa mpagazi," alikuwa akiniita dirishani, "serikali imewajua nyie. Imekupa kazi ya ukoo, kubeba mizigo ya watu."

Nami nikamwambia sanduku lake limejaa, limejaa buibui, na kama anataka barua aanze kuwaandikia wao. Swalihu akacheka mpaka uzi ukakatika. Maisha yangu ya posta yalikuwa hayo, na haki ya Mungu, nilikuwa naamka nikiyafurahia.

Swalihu alikufa wakati wa kuvuna uwele. Presha ilimwangusha hapo hapo kwenye cherehani yake.

Sasa, msiba ukimpata Mnyamwezi, mtani wake Mgogo ana kazi. Anaziba mlango jeneza lisitoke. Anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anawauliza wafiwa wanalilia nini wakati mdeni wake ndiye huyo anatoroka. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, kisha anapewa ujira wake, jogoo au chochote, anapisha njia. Nilikaa ndani na wanawake wenzangu nikimsubiri Gideoni azibe mlango. Nilikuwa namhitaji kuliko nilivyohitaji maji.

Hakuziba. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, kimya. Akaingiza bega chini ya jeneza, akabeba pamoja na wengine, wakaondoka. Aliporudi makaburini alinipa mkono, akasema Mungu ndiye mpangaji. Watu wakamsifu kwamba sasa mzee ameokoka, ameacha mambo ya kishenzi. Mimi nilimkata jicho ambalo hata leo nashangaa halikumtoboa.

Nikakaa eda. Kijana kutoka mjini aliletwa kunishikia posta, akashika simu yake. Nilipotoka eda nilifungua dirisha asubuhi na mapema, nikajiweka sawa kama mtu anayesubiri basi. Gideoni akaja. Akafungua sanduku, akachungulia, akalifunga. Akasogea dirishani.

"Habari za asubuhi, mama," akasema. "Umeamkaje?"

Mama. Mimi. Nikamwitikia kwa kichwa tu.

Kuanzia hapo ikawa hivyo kila siku. Habari za asubuhi, mama, kazi njema, mama, Mungu akutie nguvu, mama. Mji mzima ulikuwa ukinisemesha hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kana kwamba mjane ni mtoto aliyelala. Wengine niliwasamehe. Yeye sikumsamehe. Nilimchokoza makusudi. Nilimwambia leo mlenda umemganda masharubuni. Akapangusa masharubu, akasema ahsante kwa kumwambia. Nikamwuliza kama njaa imekwisha Ugogoni au ombaomba wamestaafu. Akasema mvua zikinyesha itakuwa afadhali. Nikampigia shikamoo, shikamoo ya hasira, nikidhani ataruka. Akaitikia marahaba.

Wakati huo huo wakubwa wa kazi walikuwa wameniambia kuna nafasi ya kuhamia mjini, niwajibu kabla mwezi haujaisha. Binti yetu Salha anakaa Makole, huko huko Dodoma mjini, ana chumba kinanisubiri. Alinipigia kila jioni kuniambia nimebaki huku nalinda kuta. Na ni kweli. Basi nikajiwekea nadhiri. Gideoni akinitukana hata mara moja kabla mwezi haujaisha, nabaki. Asiponitukana, naenda Makole kuangalia tamthilia za Kituruki mpaka nife. Mnaweza kunicheka. Mtu akibakiwa na mmoja tu anayemjua, hata ujinga anaupigia hesabu.

Mwezi ulipokuwa unakaribia kuisha, siku ya mnada, alikuja na beberu wa kuuza. Akamfunga kwenye nguzo ya varanda, akavuka barabara kununua chumvi. Mtani akikuta kitu cha mtani wake ana haki ya kukikamata, na mwenyewe hakikomboi bila matusi ya kutosha. Hata mtoto wa huku anajua. Nikatoka, nikamfungua yule beberu, nikamvutia ndani, nikampandisha kwenye mizani ya vifurushi. Alinipiga teke la goti. Nikamfunga shingoni lebo ya kifurushi, nikarudi dirishani, nikakunja mikono.

Gideoni akarudi. Akaangalia nguzo, akaangalia barabara, akaja dirishani akaniuliza kwa adabu kama nimemwona mbuzi wake.

"Ameshakuwa kifurushi," nikamwambia. "Anaenda Unyamwezini. Ukimtaka, Mgogo, mkomboe."

Akachungulia ndani. Beberu alikuwa juu ya mizani, lebo shingoni, anatafuna kamba ya gunia la barua. Nikaona mdomo wa Gideoni unacheza kidogo pembeni. Nikajua sasa tusi linakuja, nikashika meza.

"Basi mchukue, mama," akasema taratibu. "Mchinje, umsomee marehemu dua."

Akageuka aende zake. Beberu mzima, wa kulipia ada ya mjukuu, ananipa kama sadaka ya fukara. Sijawahi kudhalilishwa kwa wema namna ile. Nikampigia kelele nyuma yake kwamba mimi si maskini wake, na sikulala njaa jana. Akasimama. Nikashusha sauti kwa sababu ilikuwa inaelekea kulia.

"Gideoni, nimekukosea nini? Umenitupa kwa kosa gani?"

Akarudi dirishani polepole. Hakuniangalia mimi, aliangalia chini, pale cherehani ilipokuwa.

"Hujanikosea," akasema. "Siku ile nilikuja kuziba mlango. Kofia yake nilikuwa nayo mfukoni. Nikajaribu kuivaa, mikono ikakataa." Akaegemea kizingiti cha dirisha. "Sasa ukinitukana, nataka kukujibu, lakini namsikia yeye anacheka hapa chini. Halafu hayupo. Nifanyeje? Kwetu mtani hafiwi. Anachekesha wenye msiba, anachukua jogoo, anaenda nyumbani. Nilienda nyumbani, mke wangu akaniuliza jogoo yuko wapi. Hakuna aliyeniuliza kingine mpaka leo. Na mimi nimefiwa, Anifa."

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kutamka jina langu.

Niliona haya. Miezi yote hiyo nilikuwa nahesabu nani hajanichekesha mimi. Watu walikuwa wamejaa uani kwangu, na kanga za rambirambi, na vyungu vya wali, na yeye alikuwa akipita kila asubuhi kwenye varanda ile tupu na msiba wake mzima mzima, hakuna wa kuupokea, kwa sababu desturi haikumwekea mkeka.

Nikafungua mlango wa pembeni, ule ambao mteja haruhusiwi kupita, nikatoka nje. Nikampa mkono kama wafiwa wanavyopeana, mikono miwili.

"Pole, Gideoni," nikasema. "Pole sana kwa msiba."

Akaitikia, "Ahsante, nimeshapoa," kama ilivyo desturi. Kisha akalia, mzee mzima, amesimama varandani mchana kweupe siku ya mnada, watu wanapita na mbuzi wao. Nikafunga posta kabla ya saa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakaa naye kwenye ngazi. Hatukutukanana.

Jioni Salha akapiga. Nikamwambia siji. Akalalamika, akaniuliza huku nabaki na nani.

"Na mfiwa mwenzangu," nikamwambia.