Nota Zilizofutwa Mapema

Mpiga fidla alipofungua karatasi zake za nota asubuhi ile, alizigeuza upesi hadi ya mwisho. Alama za penseli hazikuwepo hata moja, na aliyezifuta ni yeye mwenyewe. Jana alifuta za okestra nzima, raba mbili zikaisha, vidole vikaota malengelenge.

Nota zile zilikuwa za kukodi, na mwenye nazo hakutaka zirudi na alama yoyote ya penseli. Kufuta ilikuwa kazi yake kila maonyesho yakiisha. Ila safari hii maonyesho yalikuwa mawili, naye alifuta baada ya la kwanza. La pili lilibakiza nusu saa kuanza.

"Wifi, nimekwisha," alimnong'oneza mke wa kaka yake, aliyepiga fidla kiti cha pembeni.

Wifi akatazama karatasi yake. "Umetumaliza sote, mama. Mimi bila penseli yangu ni kipofu."

Hakutia chumvi. Juu ya nota kulikuwa na maneno ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa yanayomwambia mpigaji afanye nini, na hakuna aliyethubutu kuuliza maana. Mwaka jana kiongozi wao, ambaye kisogoni walimwita Mzee Fimbo kwa ile fimbo yake ya kuongozea, alimfukuza mpiga tarumbeta kwa kutojua neno moja tu. Tangu hapo kila mtu aliulizia huko nje, akaandika maana kwa penseli, akajifanya mjuzi.

Mzee Fimbo akaingia, akafungua kitabu chake cha nota. Akageuza ukurasa. Akageuza wa pili, haraka zaidi.

"Nani amefuta?"

Mpiga fidla aliogopa kusimama na aliogopa kukaa, maana kiti kile alikisotea miaka sita na hakuwa na kingine popote. Akasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Nilikosea siku."

"Haya, tueleze wewe. Calando."

Alikaribia kulia. Halafu akakumbuka kwamba jana maana ya neno lile aliifuta mara arobaini, katika miandiko arobaini, na kila mara alisoma kilichoandikwa kabla ya kukisugua.

"Punguza sauti na mwendo, vyote pamoja," alisema.

"Schleppend."

"Kokota."

"En dehors."

"Jitokeze, usikike kuliko wenzako."

"Attacca."

"Usisimame. Ingia moja kwa moja sehemu inayofuata."

Nyuma yake penseli zilikuwa zinakimbia. Wapiga zumari waliandika, wapiga ngoma waliandika, wifi aliandika ulimi nje. Kosa moja tu na kiti kimekwenda, na mzee hakuchoka kuuliza, neno baada ya neno, wala hakumsahihisha hata mara moja.

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya ainue macho. Mzee Fimbo alikuwa ameinamia kitabu, na mkononi hakuwa na fimbo. Alikuwa na penseli. Jana kitabu chake ndicho kilichokuwa kimejaa maandishi kuliko vyote, na mpiga fidla akajiambia kwamba wakubwa wana mengi ya kuandika.

"Morendo," mzee aliuliza, kwa sauti ndogo sasa.

"Fifia, mwalimu, mpaka usisikike kabisa."

Mzee akaandika taratibu, akafunga kitabu. Hakumtazama mtu.

"Kesho," alisema, "yule wa tarumbeta aitwe arudi."