Ndevu za Kunywea Maziwa

Mume wangu ni kinyozi, na tangu nimjue alikuwa na ndevu ambazo ungedhani anazifuga kwa ajili ya maonyesho. Mtaani hakuna anayemwita jina lake, wote wanamwita Mandevu. Saluni yake ya kunyolea iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mteja akiketi kwenye kile kiti cha kuzunguka, kitu cha kwanza anachokiona kwenye kioo si sura yake, ni ndevu za mume wangu zimemwinamia begani. Mimi sikuzipenda. Zilikusanya makombo ya mkate na kunitekenya usingizini. Kila nikimwambia azinyoe, ananijibu kwamba hizo ndizo bango lake la biashara, na bango halishushwi.

Binti yetu tulimpachika jina la Meneja, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyefanya jambo humo ndani bila kibali chake. Likizo yangu ya uzazi ilipokaribia kwisha, tulimzoesha chupa, tukagawana kazi: mimi nakamua maziwa, Mandevu ananywesha. Kwangu Meneja hakuitaka chupa katakata. Akishagundua ni mimi niliyeishika, aliisukuma kwa ulimi na kunitazama kama mteja anayejua fika kwamba bidhaa nzuri imefichwa nyuma ya kaunta. Lakini kwa baba yake alikunywa mpaka tone la mwisho, mkono mmoja umekamata ndevu anazisokota, macho yamelegea. Sisi tuliona ni mchezo tu wa mtoto.

Mtu aliyefurahia sana mpango huo, kwa namna yake, alikuwa baba yangu. Alikuja kila Jumapili kucheka.

"Mkwe," aliita tangu mlangoni, "umeshanyonyesha leo?"

"Nimeshanyonyesha, Baba. Karibu ndani," Mandevu alijibu kwa adabu zote, chupa mkononi, kitambaa cha mtoto begani.

Baba aliketi na kutikisa kichwa. Yeye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na katika maisha yake yote hakuwahi kushika chupa ya mtoto hata kuisogeza tu mezani. Utotoni nilimjua kwa honi kabla sijamjua kwa sura. Ikilia mara ya kwanza, amefika. Ikilia tena, ameondoka. Sasa alikuwa amestaafu, Mama ametangulia, na siku nzima alikaa dirishani kwake akiwakosoa madereva wa watu wengine. Shati lake lilikuwa limesahau pasi. Nikimuuliza anaendeleaje, anasema hajambo, kisha ananieleza jinsi gari la taka linavyokata kona vibaya.

Ijumaa ya mwisho ya likizo yangu, Mandevu aliingia jikoni akasimama kwa mkao wa mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Nilikuwa nachemsha chupa. Nilipogeuka, nusura niite majirani. Mbele yangu alisimama mwanamume mwenye kidevu kidogo cheupe cheupe, kidevu ambacho hakikuwa kimeona jua tangu tuoane.

"Zawadi yako ya kurudi kazini," akasema. "Si ulizitaka zitoke?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikambusu kidevu. Kwa kweli nilifurahi sana, na furaha hiyo ilidumu mpaka Meneja alipoona njaa.

Alipakatwa kama kawaida. Chupa ilikuja kama kawaida. Mkono wake ukapanda juu kama kawaida, ukapapasa, ukakuta ngozi tupu. Meneja akaacha kunyonya. Akamtazama yule mtu. Yule mtu akasema, "Ni mimi, mama," kwa sauti ya baba yake, na hilo likaharibu mambo zaidi, maana sasa alikuwa mgeni aliyeiba sauti. Kilio kilichofuata kilimtoa nje mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

Jumamosi nzima tulihangaika. Tuliyapasha maziwa moto zaidi, tukayapoza, tukabadilisha chuchu ya chupa, tukajaribu kijiko, tukajaribu kikombe. Meneja alikataa vyote kwa zamu, bila upendeleo. Mchana Mandevu akajipiga paji la uso. "Ndevu!" akasema, akakimbilia saluni. Akarudi amejifunga kidevuni ile brashi kubwa ya kupangusia nywele shingoni. Meneja aliitazama kwa makini, akaing'oa, akaitupa. Mandevu hakukata tamaa, akajipaka povu la kunyolea mashavu yote. Meneja alishika povu, likamwishia mkononi, akalia kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa mara mbili.

Nilitaka kucheka lakini roho ilikuwa juu juu. Jumatatu nilitakiwa kazini. Naendesha mashine ya kukatia karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, mashine ambayo ukiweka rundo la kurasa vibaya, kitabu kizima kinatoka na ukingo uliopinda. Kazi hiyo naipenda, na hatuwezi kuishi kwa saluni peke yake. Msimamizi wangu alikuwa ameshanieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba mtu aliyenishikia nafasi ameizoea sana mashine. Nikikosa Jumatatu, basi. Na nikienda, mtoto wangu atashinda na njaa.

Jumapili Baba akaja kucheka, kama ada. Alimwona mkwe wake pale mlangoni, akapitiliza.

"Kinyozi mwenyewe yuko wapi?" akaniuliza.

"Ndiye huyo uliyempita."

Baba akageuka, akamkagua Mandevu kutoka juu hadi chini, halafu akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Alicheka akiinama, na alipoinama, ndevu zake zikashuka mpaka kwa Meneja, ambaye alikuwa mikononi mwangu amechoka kulia. Sijui kwa nini sikuwahi kuzifikiria ndevu za Baba. Ni nyingi, zina mvi, na hajawahi kumruhusu mkwe wake kuzigusa hata kwa chanuo. Meneja alizikamata kwa mikono miwili.

Kicheko kikakatika. "Mtoeni," akasema Baba.

"Usisogee, Baba!" Mandevu alishaichukua chupa. Akampokea mtoto kutoka kwangu, akamsukumia Baba kifuani, akaingiza chuchu mdomoni kwa Meneja. Kimya. Kisha tukasikia ile sauti tuliyoiombea siku mbili: glu, glu, glu.

Baba alibaki ameinama nusu, shingo imepinda, hathubutu kupumua. Nilidhani atakasirika. Badala yake alinong'ona, "Mnasimama tu? Leteni kiti. Anakunywa."

Kumshawishi aje Jumatatu haikuwa kazi ndogo. "Mimi? Mzee mzima? Watu wakiniona?" Tulimwambia ni siku chache tu, mpaka za mkwe wake ziote. Alikubali kwa masharti: akae chumba cha nyuma, pazia lifungwe, na mtu asiite jambo hilo kunyonyesha. "Mimi namjazia mafuta," akasema. "Basi."

Kwa hiyo kila asubuhi nilipotoka, Baba alikuwa akiingia. Aliikagua chupa kama alivyokagua matairi, akiibonyeza chuchu kwa kidole, akiiinua kwenye mwanga kuona kama inavuja, akidondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Jioni nilipokea ripoti.

"Leo amegoma katikati ya mlima. Nikazima injini, nikampumzisha begani, akacheua, tukaendelea."

Meneja naye hakukubali kuzoeleka. Ukishajua anavyotaka, anabadilisha. Mara alitaka maziwa ya uvuguvugu tu, mara yaliyopoa. Akaja na mtindo wa kunywa nusu, kuangalia ukutani kwa muda mrefu kana kwamba anakumbuka deni la zamani, ndipo amalize. Halafu akataka apakatwe mkono wa kushoto, akitazama mlangoni. Mimi kila badiliko lilinitia wasiwasi mpya. Baba hakushtuka. "Barabara haifanani siku zote," alisema, huku akihamisha kiti ili mtoto aone mlango vizuri. Kisichobadilika kilikuwa kimoja, lazima mkono uwe kwenye ndevu.

Wakati huo nilikuwa nangoja za mume wangu ziote, na hazikuota. Wiki zikapita, kidevu chake bado laini.

"Wewe, vipi?" nilimtania. "Au umerudi utoto, tukuandikishe shule?"

"Ngozi imechoka," akajibu bila kunitazama. "Inajipumzisha."

Nikajitia hamnazo, lakini moyoni nikaanza kumshuku. Nilidhani amenogewa kuitwa kijana. Wateja walikuwa wakimsifu, na nilimfuma akijigeuzageuza mbele ya kile kioo kikubwa zaidi ya mahitaji ya kazi. Nikaapa nitampa maneno yake siku moja.

Siku hiyo ilifika niliposahau mfuko wangu wa chakula nikarudi kuuchukua. Baba alikuwa hajafika bado. Nikapita saluni, na nani nimkute amekaa kwenye kiti cha wateja, povu mpaka masikioni, wembe mkononi?

"Kumbe!" nikasema.

Alishtuka nusura ajikate. "Punguza sauti."

"Ngozi imechoka, eeh? Mtoto anategemea ndevu zako, na wewe unajiremba?"

Aliuweka wembe chini. Povu lilimfanya aonekane mzee kuliko Baba. "Wewe hujaona?" akasema. "Baba ana shati lenye pasi. Jana alikuja amejipaka manukato. Zikishaota hizi, kesho atakuja kufanya nini? Atarudi kwenye dirisha lake."

Kwa kweli nilikuwa nimeiona pasi. Nilidhani amepata mchumba.

"Usimwambie," akasema. "Mzee akijua tunamhurumia, hatakanyaga tena hapa."

Nikachukua wembe mwenyewe nikammalizia shavu lililobaki, vibaya, maana mkono wangu umezoea karatasi. Alivumilia. Nilimpenda sana asubuhi ile, na nilimwambia.

Muda si mrefu baada ya hapo, umeme ulikatika kiwandani mchana, tukaruhusiwa kwenda. Nilipitia mlango wa uani ili nisimwamshe Meneja kama amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa mapajani kwa Baba, mgongo umeegemea tumbo lake, amejishikia chupa mwenyewe kwa mikono miwili, ameiinua juu kabisa na anakunywa. Ndevu zilikuwa pale pale juu ya kichwa chake, zimechanwa vizuri, na hakuwa na habari nazo. Baba alikuwa amekinga viganja vyake chini ya chupa, bila kuigusa, ili aidake iwapo itadondoka.

Aliinua macho akaniona. Sijawahi kumwona Baba akiwa na sura ile, sura ya mtu aliyesimamishwa na askari akiwa hana leseni.

"Tangu lini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Siku kadhaa," akasema. "Sasa hivi anahitaji pa kuegemea tu. Hata mto ungetosha."

Nikachuchumaa karibu yao. Meneja alinitupia jicho bila kuacha chupa, kama mkubwa anayempungia mfanyakazi aendelee na kazi yake.

"Mumeo asijue," Baba akasema. "Atasema kazi imekwisha, ahsante Baba." Akaangalia vile vidole vidogo vilivyoshika chupa. "Wewe ulipoanza kushika yako mwenyewe, nilikuwa safarini. Mama yako alinieleza niliporudi. Alinieleza vizuri tu, lakini ni kuelezwa, si kuona."

Nikamwekea mkono gotini. Shati lake lilinukia sabuni na manukato.

Kutoka upande wa pili wa pazia, mashine ya kunyolea ikazimwa. "Baba!" Mandevu akaita. "Amekubali leo?"

Baba alinitazama. Meneja alikuwa amefika tone la mwisho, chupa inapiga mluzi.

"Ananisumbua sana!" Baba akapaza sauti. "Amezikamata ndevu, hataki kuziachia!"

"Pole, Baba! Vumilia kidogo tu! Za kwangu bado zinagoma!"

Baba akakunja uso. Akaniinamia sikioni. "Hivi huyu mumeo ana ugonjwa gani? Mwanamume mzima, ndevu hazioti mpaka leo?"

"Ngozi yake imechoka, Baba," nikamwambia. "Daktari anasema inaweza kuchukua miaka."

"Masikini," akasema Baba, na akamweka mjukuu wake sawa mapajani. "Basi mwambie asiwe na wasiwasi. Mimi nipo."