Taa Ikizimika, Ndoo Ishuke

Mume wangu husafisha visima, mimi hutengeneza redio. Wapo wanaocheka, eti mwanamume yuko chini ya ardhi na mwanamke yuko juu na mita ya kupimia umeme mkononi. Wacheke. Watoto wetu wamesoma kwa kazi hizo mbili.

Kule kisimani sauti haifai kitu, kwa sababu pampu ya mafuta inanguruma pale pale mdomoni mwa kisima. Kwa hiyo mume wangu huzungumza na mshika kamba wake kwa taa anayovaa kichwani. Akiizima, ndoo tupu ishuke, naye huwa ameshasogea ukutani. Akiwasha na kuzima harakaharaka, ndoo ya matope ipande. Mshika kamba tunamwita Kimya, kwa kuwa hanyamazi.

Taabu ilianzia kwenye swichi. Taa ile ina betri moja, volti tatu nukta saba, lakini balbu yake inakunywa ampea sita. Volti kidogo, mkondo mwingi. Swichi ya kubonyeza iliyokuja nayo ilipata moto mpaka plastiki ikalainika. Nikabadilisha, mpya nayo ikalainika. Nikasema basi, mkondo upite kwenye transista, swichi ibaki ya kutoa amri tu. Transista ya namna hiyo ina mguu mmoja wa amri: ukiupa volti, njia inafunguka, ukiunyima, inajifunga.

Nilichagua kwa macho ya tamaa, nakiri. Nilikuwa na moja nene niliyoichomoa kwenye mashine mbovu ya kugeuza umeme, yenye uwezo wa ampea thelathini. Kama inabeba thelathini, sita ni nini? Nikaijaribu mezani, taa ikawaka mpaka ukuta wa pili ukang'aa. Nikaifunga ndani ya taa, nikaiwasha mara moja, nikampa. Niliona mwanga umepungua kidogo, nikajiambia ni macho.

"Baba watoto, hii utazeeka nayo."

"Fundi akishasema, mimi nani?" akajibu.

Siku ya tatu alirudi mchana, mapema kuliko kawaida, mkono mmoja ameushikilia kifuani. Alisema amejigonga. Uongo, akijigonga kweli hutukana kwanza, ndipo anaeleza. Nikamgeukia Kimya, aliyesimama mlangoni bila neno kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Taa ilizimika, shemeji," akasema. "Nikateremsha ndoo kama kawaida. Kumbe si yeye aliyezima. Taa ilijifia yenyewe. Yeye ameinama katikati anachota tope, ndoo ikamkuta begani."

"Ile ya chuma?"

"Ile ile."

Kati ya bega na kichwa hapafiki shibiri moja. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Si kosa la mtu," mume wangu akasema. "Hiyo transista imechoka tu."

"Haikuchoka. Mimi nimekosea, na leo leo nitajua wapi."

Alikanda bega kwa maji ya moto, nami nikafungua taa. Nilipotafuta waya wa kujaribia, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye waya mwekundu uliobanwa ukingoni mwa meza. Nikaganda pale pale. Waya ule una volti kumi na mbili, ni wa kujaribia redio za magari, na uko hapo miaka yote. Ndio niliotumia kuulisha mguu wa amri siku ile. Kwa kumi na mbili transista ilifunguka yote. Ndani ya taa hakuna kumi na mbili. Kuna nne na kidogo betri ikijaa, tatu na kidogo ikichoka.

Nikasoma maelezo ya transista ile kwenye simu. Ilihitaji volti kumi ili ifunguke sawasawa. Kwa nne ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kama mlango uliofunguliwa upenyo. Mkondo ulijipenyeza pale, mwingine ukageuka joto, na betri iliposhuka mlango ukajifunga. Ampea thelathini zilikuwa za kweli, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Safari hii sikutazama ukubwa. Nilitafuta mstari mmoja tu katika maelezo: amri ikiwa volti mbili na nusu, transista inazuia mkondo kiasi gani? Ya kwanza niliyoitoa kwenye droo, maelezo yake yaliishia volti nne na nusu, hayakushuka zaidi. Ilikuwa mpya, nzuri, na nikairudisha kwenye droo. Ya pili niliitoa kwenye betri iliyokufa ya kompyuta, ndogo kama punje ya mahindi. Mstari wake ulikuwepo. Kwa ampea sita ingepoteza volti isiyofika hata nusu ya sehemu ya kumi.

Nikaung'oa waya mwekundu mezani, nikautundika msumarini, mbali. Mguu wa amri nikaulisha kwa betri ya taa yenyewe, tena niliyoichosha makusudi mpaka volti tatu. Nikaweka kidole juu ya transista, nikakaa.

"Unaipima homa?" mume wangu akauliza.

"Haina homa. Ila kuna jambo jingine. Taa hii ni nzima, lakini siku moja itazimika. Betri itaisha, au waya utakatika. Na ikizimika, Kimya atakushushia chuma."

"Ishara hiyo tumeitumia miaka kumi na moja, mama."

"Basi imetosha. Kuanzia sasa taa ikizimika, kila kitu kisimame. Ukitaka ndoo, zima na kuwasha mara tatu, polepole. Taa iliyokufa haiwezi kufanya hivyo."

Alitazama bega lake, akakubali.

Bega lilipopona nilimfuata kisimani. Pampu ikanguruma, taa ikaita mara tatu, ndoo ikashuka. Ikawa hivyo asubuhi nzima. Halafu, kamba ikiwa mikononi mwa Kimya na ndoo tupu ikining'inia mdomoni, taa ikazimika, ikabaki imezimika.

Niliona ndoo inaanguka, kisha inasimama kwa kishindo, hatua mbili chini. Nikapiga kelele nikijua mume wangu hanisikii. Giza tu. Kisha taa ikawaka, ikametameta harakaharaka, tukamshushia kamba, tukampandisha.

"Imekufa?" nikauliza.

"Nzima kabisa. Niliizima mwenyewe, nikajibana ukutani. Nilitaka kuona kama Kimya amekumbuka."

Nikampiga ngumi kwenye lile bega ambalo halikuumia, halafu nikalia, mbele ya mwenye kisima na watu wake, na sikuona haya.

Kimya hakucheka. Alitufungulia kiganja. Kamba ilikuwa imemchuna mstari mrefu mwekundu. "Nilikumbuka, shemeji," akasema. "Lakini mkono ulikuwa umeshaachia."

Mume wangu aliutazama ule mstari. Akavua taa, akanipa mimi, akazima pampu. Siku hiyo hakushuka mtu tena. Tulikaa pale hadi jioni, mimi nikizima na kuwasha, Kimya akiteremsha na kusimamisha ndoo katika kisima kisicho na mtu.