Kuku Anayeatamia Hahamishwi

Jumamosi saa mbili asubuhi, nesi alipanga mayai kumi na moja kwenye karai lililotandikwa maranda, akayachora msalaba kwa penseli, moja baada ya jingine, kisha akalisukuma karai chini ya meza katika chumba cha baba yake. Kuku alikuwa humo humo chumbani. Tangu Jumatano alikuwa ameacha kutaga, amejichimbia kwenye kapu la nguo za kupiga pasi, anavimba mtu akipita na kumdonoa kila aliyethubutu kutafuta shati lake. Kuku akifika hapo hana dawa nyingine, mpe mayai. Nesi alimtoa kapuni, akampaka majivu chini ya mabawa kwa ajili ya utitiri, akamweka juu ya karai. Kuku akajitanua, akayavuta ya pembeni kwa mdomo, akatulia.

Mayai yalikuwa ya fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa na jogoo wa maana lakini mitetea yake ilikuwa haitaki kulalia. Nesi alikuwa na kuku hodari wa kulalia, ila jogoo wake aliliwa siku nesi alipopandishwa cheo. Wakakubaliana kama watu wanavyokubaliana siku zote: mayai yangu, kuku wako, vifaranga nusu kwa nusu. Fundi alikataa katakata yawe kumi na mawili.

"Kwa nini?" nesi aliuliza.

"Mama yangu alikuwa haweki kumi na mawili."

Hilo likamaliza mjadala.

Baba yake nesi aliitwa Stempu na watu wote isipokuwa wanawe. Alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la vifurushi posta, akipima na kugonga mihuri. Mkewe alipofariki, watoto wake watatu walikaa kikao wakagawana baba: miezi mitatu kwa kaka mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, mitatu kwa nesi, mitatu kwa kitinda mimba, msusi, halafu mwanzo tena. Ulikuwa mgawanyo wa haki mpaka majirani wakautolea mfano. Karatasi ya zamu ilibandikwa kwenye friji tatu. Siku ya kikao mzee mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anawamiminia chai. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kuhusu aliyekuwepo hawakusema kitu.

Kwa mchomeleaji alilala sebuleni, na hakuweza kulala mpaka mtu wa mwisho amalize kutazama mpira. Kwa msusi alilala chumba cha dawa za nywele, akawa anaamka macho yanamtoka machozi. Kwa nesi alikuwa na chumba chake, dirisha linatazama barabarani, na ng'ambo ya barabara yuko fundi viatu, ambaye walikuwa na vita vya drafti visivyoisha: fundi mia mbili na kumi na mbili, Stempu mia mbili na tisa. Kusema kweli mzee alitaka kubaki pale. Alitaka mpaka akawa anazihesabu siku za zamu zilizobaki. Lakini hakumwambia mtu, maana aliona akimsifia mtoto mmoja atakuwa amewasema wawili. Zamu yake kwa nesi ilikuwa inaisha Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Siku ya saba fundi viatu alikuja na tochi na kipande cha boksi alichokitoboa tundu. Wakafunga mapazia, wakayamulika mayai yote. Yote kumi na moja yalikuwa na mishipa myekundu.

Siku ya nane, saa saba mchana, kuku alitoka kula kama kawaida. Alikula, akanywa, akajikung'uta vumbini, akaruka juu ya ukuta, akatazama kushoto na kulia, akashuka upande wa pili na kuondoka. Watu waliomwona wanasema alitembea pembeni mwa barabara bila haraka, kama mtu aliyemaliza mkataba. Fundi viatu alimwita. Hakugeuka.

Nesi alikuwa kazini mpaka jioni. Mzee alisubiri dakika ishirini, akaingiza mkono karaini, akakuta mayai yameanza kuwa vuguvugu. Akavua viatu. Akavaa lile koti lake zito la posta, akalala kitandani kwa ubavu, akayakusanya mayai yote kumi na moja tumboni na kuyafunika.

Nesi aliporudi saa kumi na mbili alimkuta vile vile. Akampima joto. Thelathini na tisa na nusu.

"Una homa, Baba?"

"Sina."

"Kichwa?"

"Kizima. Usifungulie upepo."

Nesi akamtazama ulimi, akamshika mapigo ya moyo, akakuta yako sawa. "Basi ni kuatamia," akasema, akaenda kubadili nguo.

Manyoya yalianza kutoka Jumanne, kifuani na tumboni, ya kahawia yenye ncha nyeupe. Fundi viatu alipovuka barabara na ubao wake wa drafti, aliyaangalia kwa jicho la mtu anayejua ngozi.

"Rangi imekukubali," alisema.

"Yanawasha."

"Mapya lazima yawashe. Panga kete."

Walichezea ukingoni mwa kitanda. Stempu alikuwa na mkono mmoja tu wa kuchezea, wa pili ulikuwa unageuza mayai, akafungwa mara mbili.

Kuku anayeatamia ana taratibu zake, na nesi alizifuata zote. Chakula na maji viwe karibu, na vije saa ile ile. Chumba kiwe na giza kidogo. Asisumbuliwe, asishtuliwe, asipigiwe kelele. Atoke mara moja kwa siku, robo saa, ale, anyooshe miguu, aende haja, ajikung'ute vumbi. Mzee alifanya yote hayo isipokuwa la vumbi, ambalo nesi alilikataza, akampa maji ya kuoga.

Alhamisi, siku ya kumi na mbili, kaka mkubwa alikuja na gari lake la kubebea mageti. Alipiga hodi, akaingia moja kwa moja chumbani, akainama amsaidie baba yake kuinuka. Mzee alivimba. Manyoya yakasimama mpaka koti likanyanyuka, koo likatoa mlio mzito wa onyo, na mkono ulipozidi kusogea akaudonoa. Mchomeleaji akaupangusa kwenye suruali.

"Siku ya ngapi?" akamwuliza dada yake.

"Ya kumi na mbili."

"Yapo mangapi?"

"Kumi na moja. Yote mazima."

Mchomeleaji alikuwa amekulia na kuku, hakuhitaji somo. Wakatoka uani, wakampigia simu mdogo wao, na kikao kikakaliwa chini ya dirisha la mzee.

"Kuku anayeatamia hahamishwi," alisema nesi. "Ukimhamisha anayasusa."

"Najua. Na ile barabara ya kwangu ina mashimo. Mayai yatatikisika, yatakufa yote."

"Mwacheni jamani!" msusi akapaza sauti ndani ya simu. "Msiwe na roho mbaya. Si kuna viumbe mle ndani?"

"Nani mwenye roho mbaya? Nimesema yatatikisika."

"Basi abaki mpaka yaanguliwe."

"Abaki."

Barabara hiyo yenye mashimo mzee alikuwa amepitishwa mara sita, na magoti yake mabovu, nyuma ya gari, katikati ya mageti. Hilo halikutajwa, kwa sababu kikao kilikuwa cha mayai. Mzee alisikia kila neno. Akayageuza mayai, moja moja, akacheka kidogo mwenyewe.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa za raha, na ni vizuri kulisema wazi, maana raha ilikuwa haijampitia mzee kwa muda mrefu. Mchomeleaji alirudi na bati alilolikunja vizuri la kuzuia upepo wa mlangoni. Msusi alikuja na vitana vitatu, akayanyoosha manyoya ya baba yake kwa ustadi wa kazi yake, akayapaka mafuta kidogo kwenye ncha. Redio ya jirani iliombwa ipunguzwe, nayo ikapunguzwa. Watu walioingia chumbani walivua viatu. Kila saa mtu aliuliza: amekula? Amekunywa maji? Jua halimpigi? Mzee hakujua kama ana watu wengi kiasi hicho. Jumapili mchomeleaji alikaa sakafuni saa mbili nzima kuhakikisha bati halipitishi upepo, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kuzungumza. Wakaongea habari za marehemu mama mpaka wote wawili wakapenga kamasi.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," fundi viatu alimtania jioni ile, akiinua shuka kumtazama miguu.

"Yangu wameilegeza," Stempu akajibu. "Cheza."

Kuanzia siku ya kumi na nane nesi aliyanyunyizia mayai maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Siku ya ishirini, alasiri, ukasikika mdonoo wa kwanza kutoka ndani ya ganda. Mzee akaanza kuongea na mayai kwa sauti ya chini, ya kooni, ambayo hakuna aliyemfundisha. Jumamosi asubuhi, vifaranga kumi walikuwa wametoka, wamekauka, wanapanda na kushuka mabegani mwa koti la posta. Fundi viatu alilia bila kujificha. Kisha akachagua wake watano, nesi naye akachukua watano.

Saa nne kuku alirudi. Aliingia kwa mlango wa mbele kama mtu aliyekwenda dukani mara moja, akawaita wale vifaranga, wakamfuata uani wote kumi. Hakumwangalia mzee. Kuna wanawake na wanaume wa namna hiyo pia, wala hawakosi kupokelewa.

Kitandani likabaki yai moja. Fundi viatu alilichukua, akalitikisa sikioni.

"Hili viza, Stempu. Maji matupu humu."

"Lete."

"Nakwambia limeoza."

"Nimesikia. Lete hapa."

Akalipokea, akalirudisha chini ya manyoya, akajifunika. "Bado moja," akasema, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Jikoni alikuwapo mchomeleaji, amekuja na gari tangu asubuhi, anamalizia uji. Akaja akasimama mlangoni na kikombe chake. Alimtazama baba yake, akautazama mviringo wa lile yai chini ya koti, akamtazama dada yake.

"Mengine huchelewa?" akauliza.

Nesi alikuwa amelinusa yai lile alfajiri, na pua ya nesi haidanganyiki. Fundi viatu akaanza kuchunguza dari.

"Mengine huchelewa," alisema nesi.

"Siku ngapi?"

"Inategemea na kuku."

Mchomeleaji akanywa uji uliobaki. "Basi tusimsumbue," akasema. Aliondoka polepole, kwa gia ya kwanza mpaka mwisho wa barabara, ili nyumba isitikisike.

Yai viza likiachwa kwenye joto hupasuka, na likipasuka chumba hakikaliki wiki nzima. Kwa hiyo Ijumaa, mzee alipokuwa bafuni katika robo saa yake, nesi alichemsha yai la jikoni mpaka likawa gumu, akaliacha lipoe hadi joto la mwili, akalichora msalaba kwa penseli na kuliweka pale pale kwenye shimo la shuka. Lile bovu akalifukia nyuma ya choo. Mzee alirudi, akajilaza, akalishika. Mtu aliyepima vifurushi miaka thelathini na mmoja hahitaji mizani. Alijua si lile, na alijua limechemshwa. Akalikumbatia. Ijumaa iliyofuata nesi alichemsha jingine, na inayofuata hivyo hivyo.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Vifaranga wamekuwa kuku, na mmoja wao amejifunza kuwika, vibaya. Fundi viatu anaongoza kwa michezo miwili tu. Manyoya ya mzee yamefika mgongoni, na msusi huja kuyapunguza kila mwisho wa mwezi. Jumapili jioni mchomeleaji hupiga simu.

"Bado?"

"Bado."

"Basi msimsumbue."

Zamu nayo ipo kama ilivyokuwa. Karatasi ziko kwenye friji tatu, na kila wiki kila mmoja huzisogeza tarehe mbele kwa penseli, asije mtu akadhulumiwa siku zake. Kwamba mzee aulizwe anataka kukaa wapi, halijawahi kuingia kwenye kikao chochote. Naye mzee hajasema.

Ijumaa iliyopita nesi alimaliza kazi yake ya yai mapema, lakini hakutoka. Alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono bado ina maji. Mzee aliingia kutoka bafuni, akamkuta, wakaangaliana. Nesi alikuwa na neno, na machozi yakalitangulia.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

Uani kuku walikuwa wanagombania maganda ya yai la wiki iliyopita. Nesi akapangusa mikono kwenye gauni.

"Lala ubavu wa kushoto," akasema. "Huko kulia kuna upepo."

Mzee akapanda kitandani, akalala ubavu wa kushoto, akalivuta yai.