Imegonga

"Ufunguo nimeuweka mahali ambapo hata ukiota hutauona, kwa hiyo acha kupekua makabati yangu kama kibaka," Devota alisema. "Nimekuuliza swali. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mama, nikujibu mara ngapi? Nilikwenda Chimala kuijaribu gari, nikarudi. Basi."

"Mbona niliposalimia hukuitika? Ulipita hapa dukani kama mtu anayefukuzwa."

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo ya nini?"

Ipyana alisimama katikati ya ua na overoli yake, mikono ya overoli ameifunga kiunoni, macho yake kwenye ukuta. Nyuma yake lilikuwa Subaru la bluu la mjomba wake Aroni, limeoshwa mpaka rimu zinang'aa. Mwanawe huyu, ambaye kwa kawaida hulala akaacha kunde za jana zikauke kwenye sahani, leo ameamka mapema akaosha gari. Devota aliliona hilo, akaliweka akilini pamoja na mengine.

Gari lenyewe lilikuwa la mashindano. Aroni aliendesha mbio za magari huko Iringa, na alikuwa amemwachia Ipyana kazi ya kulitia nguvu. Kijana alibadilisha turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, akabadilisha mabomba, kisha akachomeka kompyuta yake kwenye kompyuta ya gari na kupanga upya jinsi mafuta yanavyoingia na cheche zinavyopiga. Ahadi ya Aroni ilikuwa moja: gari likifika Iringa likiwa zima na lenye nguvu, Ipyana atasimamia gereji yake. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulipeleka. Bila ufunguo haliendi, na bila gari hakuna gereji.

Lakini Devota alikuwa na sababu ya kuuficha. Asubuhi, akitoka kuwapa kuku maji, alimsikia mwanawe nyuma ya bafu akiongea kwenye simu, kwa sauti ya chini, na Joachim, fundi wa gereji ya Aroni. "Joachim, imegonga. Imegonga vibaya, pale mlima wa Inyala. Sikusimama, nimekuja nayo hivyo hivyo mpaka nyumbani. Mama asijue." Kisha akachukua ndoo na sabuni.

Hilo peke yake lingetosha. Kabla hata hajalimeza, akaja Muharami, mfanyabiashara wa mchele wa Chimala, kuchukua mbolea. Muharami hawezi kununua kitu bila kusimulia habari. Akasema kwamba jana jioni Inyala kuna mtu wa baiskeli amegongwa, na aliyemgonga hakusimama. "Watu wamekuwa wanyama, mama Ipyana," alisema huku akipakia mifuko. Devota alimpa mbolea ya kukuzia badala ya ya kupandia, ikabidi arudi kubadilisha.

Sasa alilizunguka gari. Alisomea kilimo, ana diploma, na duka lake la pembejeo pale Uyole lilikuwa limemfundisha jambo ambalo chuo hakikumfundisha: kila mkulima anayekuja na jani lililoungua huapa kwamba dawa aliichanganya kama ilivyoandikwa. Usimsikilize. Angalia jani.

Akainama mbele ya gari.

"Hii nini?"

"Mkwaruzo wa jiwe."

"Jiwe lina rangi nyekundu?"

"Hiyo ni rangi yake ya zamani, mama. Gari ilikuwa nyekundu kabla mjomba hajaipaka bluu."

"Na sabuni yote hii ya asubuhi?"

"Ulitaka nimpelekee mjomba gari chafu?"

Kila swali lilikuwa na jibu. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Alinyanyuka, akajipangusa mikono kwenye kanga, akalisema lililokuwa moyoni.

"Ipyana. Umemgonga mtu."

Kijana alimtazama kama vile ameongea Kichina. "Nani?"

"Mimi ndiye wa kuuliza nani! Mtu wa baiskeli, Inyala, jana jioni. Na usianze kuapa. Nimekusikia kwa masikio yangu mawili ukimwambia Joachim: imegonga, sikusimama, mama asijue. Mimi nimekulea peke yangu, sikukulea umwache mtu barabarani kama gunia. Vaa shati, twende polisi."

Ipyana akafanya jambo ambalo Devota hakulitarajia kabisa: akacheka.

"Unacheka? Gwe! Wewe, unacheka?"

"Mama, injini! Injini ndiyo imegonga. Injini ikiwa inapiga kelele ndani, mafundi tunasema inagonga. Ningekuwa nasema gari si ningesema limegonga?"

"Loo! Leo umejifunza ngeli? Wewe kila siku gari imezima, gari imewaka, gari imeharibika. Sasa hivi hapa umesema gari ilikuwa nyekundu. Tangu uzaliwe sijakusikia ukisema gari limefanya lolote, leo polisi wametajwa ndiyo unakuwa mwalimu wa Kiswahili?"

Ipyana aliacha kucheka. Aliona kwamba mama yake hatanii.

Devota akatoa simu, akampigia Muharami, akaweka sauti ya nje ili mwanawe asikie kila neno.

"Muharami, huyo mtu wa Inyala aligongwa na gari gani?"

"Fuso, mama Ipyana! Sikukwambia? Lilikuwa limebeba mbao. Wamelikamata Igawa, dereva anasema eti hakuona. Jamaa kavunjika mguu, lakini yuko hospitali anaongea, na asubuhi ameomba uji."

"Una uhakika ni Fuso?"

"Aliyegongwa ni shemeji wa jirani yangu. Kwani vipi?"

"Hakuna. Safari njema."

Akakata. Alitaka kukaa, ila akabaki amesimama. Mtu akikaa, anayehojiwa anapata nafasi ya kupumua.

"Sawa. Hukumgonga mtu. Sasa niambie, kama huna kosa, kwa nini mama asijue?"

"Kwa sababu ungempigia mjomba kabla sijajua tatizo ni nini."

"Ningempigia, ndiyo."

"Umeona?"

"Sijaona kitu. Hiyo injini inayogonga nataka niisikie."

Alitoa ufunguo kwenye sidiria, mahali ambapo kweli Ipyana asingethubutu kutafuta, akamrushia. Wakapanda gari. Devota bado alikuwa na buti za mpira za bustanini.

Waliifuata barabara ya Tukuyu, ile inayopanda kwenda Isyonje. Pale chini gari lilikwenda vizuri, likivuma kwa sauti nzito ambayo ilimtetemesha Devota kifuani. Mlima ulipokaza, Ipyana akakandamiza mafuta.

"Sikiliza."

Mwanzo hakusikia kitu. Kisha ikaja, kutoka mbele, kavu na kali, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo la maziwa. Ipyana alilegeza mguu, sauti ikakata. Akakanyaga tena, ikarudi.

"Inatosha," Devota alisema. "Simama."

Alisimamisha gari pembeni, karibu na akina mama waliopanga viazi kwenye ndoo.

"Petroli inatakiwa iwake cheche ikipiga," Ipyana alieleza. "Mimi nimeibana hii injini, nimeiwekea turbo kubwa. Petroli ya kawaida haivumilii kubanwa hivyo. Inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake, pistoni bado inapanda, moto unaipiga kichwani. Ukiendelea hivyo mpaka Iringa, pistoni inatoboka. Ndiyo maana mjomba anatumia ile petroli kali, ya okteni ya juu, anayoletewa kutoka Dar kwenye madumu."

"Na umeweka ipi?"

"Hiyo hiyo ya madumu! Nimemimina dumu moja zima, tangi lilikuwa kavu. Kwa hiyo imechakachuliwa. Ama huko Dar walikoinunua, ama kwenye basi iliyoileta. Mtu ameiba ya mjomba akajazia ya kawaida. Nikimjua huyo mtu, mama, nitamfanya kitu."

Devota aliangalia mbele.

Simu yake ikaita. Ilikuwa Aroni, na kabla hajamaliza kusema "haloo" mdogo wake huyo alikuwa ameshaanza.

"Dada, shikamoo. Huyo mwanao yuko hapo?"

"Marahaba. Yuko, na anakusikia."

"Vizuri, asikie. Joachim ameniambia gari inagonga. Mimi si mtoto, dada. Mafuta yangu yalitoka Dar yamefungwa, nilivunja lakiri mwenyewe nikayajaribu kwenye gari yangu nyingine, nikayafunga tena nikawaletea. Yalikuwa safi. Yamekaa kwako. Jana kijana kaenda Chimala, na Chimala kila mwenye pikipiki anataka petroli ya dumu. Ameuza, amejazia ya kawaida, sasa ananiambia injini. Gereji nitampa Joachim. Gari nitamtuma mtu aifuate."

"Mjomba, sijauza hata kifuniko!" Ipyana alipaza sauti. "Naapa!"

"Unaapa nini? Mafuta yamebadilika yenyewe?"

Devota alikuwa ameshika simu katikati yake na mwanawe. Alikuwa anaiona stoo ya duka lake. Alikuwa anaona madumu mawili ya bluu, na siku ile pampu ya bustani ilipozima kwa kuishiwa petroli, miche ya kabichi ikiwa imeanza kunyauka. Alichukua kwenye dumu la mbele, karibu nusu. Na kwa kuwa yeye hatumii cha mtu bila kurudisha, kesho yake alikwenda kituo cha mafuta, akanunua petroli, akajaza lile dumu mpaka shingoni, lita kwa lita, akafunga kifuniko na kujisifu moyoni. Petroli ni petroli. Laiti angechukua tu akanyamaza, gari lingepungukiwa mafuta tu. Aliporudisha ndipo alipoliharibu.

Asubuhi nzima alimgeuza mwanawe kama samaki kwenye kaango.

"Aroni," alisema. "Nyamaza kidogo. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyechakachua ni mimi. Nilichukua mafuta yako nikatia kwenye pampu ya bustani, halafu nikarudishia ya kawaida. Sikujua kama kuna tofauti. Ipyana hajui chochote, ndiyo kwanza anasikia sasa hivi."

Upande wa Iringa Aroni akacheka, cheko fupi lisilo na furaha.

"Dada, dada, dada. Mama ni mama. Unamkingia kifua."

"Namkingia?"

"Wewe mwenye diploma, unayewafokea watu wakikosea dawa ya nyanya, eti ulimimina mafuta usiyoyajua kwenye dumu la mtu? Tafuta uongo mwingine. Nakuheshimu, lakini gereji siyo ya kuonea mtu huruma." Akakata.

Devota alipiga tena. Iliita mpaka mwisho. Akapiga mara nyingine, ikakatwa.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya sabuni. Ipyana alikuwa amemgeukia, anamkagua uso kwa macho ambayo Devota aliyatambua. Yalikuwa macho yake mwenyewe ya asubuhi.

"Mama, ni kweli? Au unanikingia?"

"Nimewahi kukukingia lini?"

Kijana alifikiri. Alifikiri kwa dhati, mtu angeona anarudi nyuma mwaka mmoja mmoja mpaka shule ya msingi.

"Hujawahi."

"Basi. Na nilipokuambia umemgonga mtu, nilikosea. Nimekukosea sana." Alilisema kama anavyosema bei, bila kupunguza. "Sasa sikiliza. Hiyo kompyuta yako ipo?"

"Ipo nyuma."

"Inaweza kulipunguza makali hili gari, liweze kunywa petroli ya kawaida bila kujiumiza?"

"Inaweza. Napunguza turbo, nachelewesha cheche. Lakini itakuwa nzito, mama. Itakwenda kama gari ya padri."

"Padri naye hufika. Lipunguze."

Ipyana alitoa kompyuta, akachomeka waya chini ya usukani. Akina mama wa viazi walisogea kutazama, mmoja akauliza kama gari linapimwa presha. Devota alikuwa ameshampigia Verediana, msichana wa dukani.

"Vere, duka lako leo. Nenda stoo, kuna madumu mawili ya bluu. Moja tupu, moja limejaa. Lililojaa usilifungue, usilinuse, usimwachie mtu yeyote alishike; hilo sikuligusa, Aroni atalipima mwenyewe. Litoe nje, tunapita kulibeba... Hapana, sirudi leo. Nakwenda Iringa... Kwa Aroni. Kuna kitu hakiingii kwenye simu."

Ipyana aliinua kichwa kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Unakwenda na mimi? Na hizo buti?"

"Ni hizi hizi nilizovaa nikimimina mafuta yake. Anasema natafuta uongo, atanisikiliza nikiwa nimesimama mbele yake, mbele ya Joachim na mafundi wote. Akikataa kuamini, nitarudia mpaka aamini au wateja wake wachoke. Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Alimaliza. Akageuza gari, akakanyaga mafuta kwenye kipande cha kupanda ili wasikie. Lilivuta kwa uvivu, kimya, bila misumari kwenye kopo. Devota alifunga mkanda.

Pale dukani Verediana alikuwa amesimama kando ya barabara na dumu, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Wakalipakia nyuma, wakalizungushia magunia lisiyumbe. Mteja mmoja alimkimbilia Devota na jani la nyanya mkononi. "Kesho," alimwambia bila kushuka, "na uje na ukweli wa ulivyochanganya." Ipyana akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingiza gari kwenye lami ya kwenda Iringa.